Hujasomea uinjinia na unataka kujifunza kuprogramu bodi? Anza kununua hii

Mimi ni mfugaji wa kuku hapa Moshi, uinjinia sijausomea. Nilichotaka ni mashine yangu ya kutotolesha vifaranga ikae kwenye nyuzi 37.5 yenyewe, niache kuamka saa nane usiku kuchungulia kipimajoto. Kwa hiyo mpangilio huu wa bodi (vile vikompyuta vidogo unavyoviwekea programu visome sensa na kuwasha au kuzima vitu) ni wa mtu aliyeanza sifuri kabisa, halafu akiunguza kitu inabidi asubiri mzigo uje na basi kutoka Dar.

Namba moja ni Arduino Uno R3, hata kopi poa tu. Watakuambia ya kizamani, na kweli ina 16 MHz na RAM kilobaiti 2 basi, lakini inatumia volti 5 ambazo ndo sensa na relei (swichi inayowashwa na bodi) nyingi za bei rahisi zinataka. Ila chagua ile yenye chipu ndefu nyeusi ya miguu 28 iliyokaa kwenye soketi, achana na ile yenye kachipu ka mraba kalikogandishwa kwenye bodi, maana siku ukikosea waya (na utakosea tu) unaing'oa taratibu na bisibisi bapa unachomeka nyingine iliyokwisha wekewa butiloda (kaprogramu kadogo kanakoiwezesha chipu kupokea programu zako kwa USB), kazi inaendelea. Kopi nyingi zina chipu ya CH340 upande wa USB, laptopu isipoiona bodi weka kwanza draiva yake, yaani programu ya kuitambua.

Na waya wa USB jamani! Siku mbili nzima nilijua bodi imekufa, taa inawaka vizuri ila kompyuta haioni kitu, kumbe waya ulikuwa wa kuchajia tu, haupitishi data.

Namba mbili ESP32. Ina WiFi na Bluetooth, joto la mashine unalisoma kwenye simu ukiwa sebuleni, na kwa kweli ndo ninayoitumia sasa hivi. Haijawa ya kwanza kwa sababu pini zake ni za volti 3.3: sensa ya umbali ya HC-SR04 inarudisha volti 5, ukiunga moja kwa moja unaweza kuua pini. Weka rizista (kizuia umeme) ya kilo-om 1 kutoka Echo, mguu wa sensa unaorudisha jibu, kwenda kwenye pini, na ya kilo-om 2 kutoka kwenye pini kwenda graundi.

Tatu ni Raspberry Pi Pico, nzuri sana kama umeshaigusa lugha ya kuprogramu ya Python, ila ile ya kawaida haina WiFi na mara nyingi inakuja pini hazijachomelewa, mpelekee fundi redio.

Bodi ya STM32 Blue Pill iache kwanza, inataka kifaa kingine cha kuipakia programu na chipu feki ni nyingi.

Yale maseti ya sensa 37 usinunue, hela hiyo chukua multimita (kipimo cha umeme). Na ukifika kwenye kuunga relei na balbu za umeme wa volti 230, muite fundi umeme akae na wewe.