Tuisheni ya uhasibu Kariakoo kwa sisi ambao hatukusoma ECA (uchumi, biashara na uhasibu), uzoefu wangu

Naanza na jibu kabisa ili mwenye haraka aondoke nalo. Hizi tuisheni za jioni za uhasibu zilizojaa mjini, mwezi wa kwanza lipa bila kusita, mwezi wa pili jifikirie, wa tatu hiyo hela nunua bando. Wenye muda sasa tukae.

Mimi Advansi nilisoma HGE (historia, jiografia na uchumi). Uchumi tuliusoma ndio, ila ule wa kuchora mistari ya mahitaji na ugavi na kueleza sababu za mfumuko wa bei, mambo ya leja, yale madaftari ya hesabu za kila akaunti, hatukuwahi kuyagusa hata kwa fimbo. Nikachaguliwa kozi ya biashara chuo kimoja hapa Dar, semista ya kwanza tu unakutana na uhasibu wa fedha, lecha anaingia anasema haya ya mwanzo mlishayaona Advansi, halafu anaruka moja kwa moja kwenye marekebisho ya mwisho wa mwaka. Mlishayaona nani sasa? Waliotoka ECA wanatikisa vichwa, sisi wa HGE na HKL tunatazamana, na kuna jamaa mmoja alisoma PCB huyo hata kutazama alikua ameacha. Na ukumbi umejaa mpaka madirishani, hebu nyoosha mkono hapo uulize debiti ni nini, uone utakavyoitwa muhula mzima.

Bumu lilipoingia dada mmoja wa mwaka wa pili hosteli akaniambia mdogo wangu usisubiri sapu ndio ukimbizane, kuna mwalimu yuko Kariakoo nenda kaongee nae. Nikaenda. Elfu hamsini kwa mwezi, siku tatu kwa wiki kuanzia saa kumi na moja na nusu jioni mpaka saa mbili usiku, kuna na kipindi cha Jumamosi asubuhi. Chumba kiko ghorofani juu ya maduka ya vitenge, feni mbili moja inazunguka nyingine inatafakari, ubao mweupe, na chini wale wa spika wanatangaza "elfu tano elfu tano kila kitu elfu tano" masaa yote. Darasa lenyewe mchanganyiko, kuna wa vyuo vya IFM, CBE na TIA kule Kurasini, kuna vijana wanaojiandaa na mitihani ya ATEC ya NBAA (bodi ya wahasibu), na kuna mama mmoja ana duka la vipodozi yeye hana mtihani wowote, amekuja kwa sababu amechoka kuibiwa na wauzaji wake. Mwalimu ni mhasibu mstaafu, anatuita wote wanangu hadi yule mama aliyemzidi umri, mama nae anamuitikia "abee baba" darasa linacheka kila siku kama ndio mara ya kwanza.

Sasa kilichonifanya niandike ni anavyofundisha mwanzo. Wiki nzima ya kwanza hataji debiti wala krediti, ukitaja wewe anakwambia kaa chini. Anafanya kitu kimoja tu, mali ni sawa na madeni jumlisha mtaji, na mfano wake ni wakala wa mitandao ya simu, yule wa mwavuli unayempita kila kona ya jiji hili. Nitauweka kama alivyotupa kwa sababu nilielewa hapo hapo na naamini na wewe utaelewa.

Wakala anaanza na milioni mbili yake mwenyewe. Milioni moja na laki mbili ameweka floti, yaani hela ya kwenye simu, laki nane ni keshi kwenye droo. Mali 2,000,000, deni hana, mtaji 2,000,000. Anakuja mteja anatoa laki moja kutoka kwenye simu yake. Mwalimu akauliza wakala ameuza shilingi ngapi? Nusu ya darasa laki moja! Akanyamaza, akaandika ubaoni floti 1,300,000 keshi 700,000, jumla ni ile ile milioni mbili. Hajauza kitu, mali moja imepungua nyingine imeongezeka basi. Alichopata ni kamisheni, na kamisheni yenyewe kwenye huu mfano mtandao haujamlipa mpaka mwezi uishe, kwa hiyo anaudai mtandao, na hilo dai nalo ni mali hata kama mfukoni hakuna kitu. Jamaa wa ATEC walikua wanajua tayari ila mimi hapo nilikaa vizuri kwenye kiti.

Akaendelea, wakala akakopa laki tano kwa dada yake, keshi ikawa 1,200,000 na deni 500,000. Halafu mwenye fremu akataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na hapa darasa zima liliguna maana wote tunawajua wenye nyumba wa Dar. Laki sita ikatoka, keshi ikabaki laki sita. Mwisho wa mwezi kamisheni imefika 140,000. Je amepata faida au hasara? Ukichukua kodi yote kama gharama ya mwezi huo unapata hasara ya 460,000 na unamwambia mtu wa watu afunge mwavuli. Lakini kodi ya mwezi mmoja ni laki moja tu, laki tano zilizobaki ni mali, maana mwenye nyumba bado anadaiwa miezi mitano ya kukaa. Kwa hiyo faida ni 40,000. Ukipiga hesabu, floti 1,300,000, keshi 600,000, kodi ya mbele 500,000, kamisheni anayodai 140,000, jumla 2,540,000. Upande wa pili deni la dada 500,000, mtaji 2,000,000, faida 40,000, jumla 2,540,000. Imekubali.

Yaani lecha wetu hicho kitu alikipita ndani ya dakika kumi akiita malipo ya awali na mapato limbikizi, watu tukakariri majina. Hapa tulitumia jioni nzima na yule mama wa vipodozi akauliza je umeme wa LUKU ambao haujaisha mwisho wa mwezi nao ni mali? Mwalimu alifurahi mpaka akavua miwani. Ndio ni mali, ila akamwambia kama ni uniti za elfu tano usijisumbue, kidogo namna hiyo hakibadilishi maamuzi ya mtu yeyote.

Wiki ya pili ndio debiti na krediti zikaja, na kwa sababu mlinganyo umeshakaa kichwani hazikutisha, mali na gharama zikiongezeka andika kushoto, madeni mtaji na mapato yakiongezeka andika kulia. Kuna kitu kilikua kinanisumbua tangu chuo nacho kikaisha hapo. Hela ikiingia benki meseji inakuja imeandika akaunti yako imekreditiwa, sasa sisi tunafundishwa hela ikiingia unadebiti, nani muongo? Hakuna muongo. Hela yako ikiwa benki, kwako ni mali kwa hiyo daftari lako unadebiti, ila kwao wao wewe ni mtu unayewadai, ni deni, na deni likiongezeka linakreditiwa. Ile meseji inasoma vitabu vyao sio vyako. Ukishalielewa hilo hata zoezi la kulinganisha daftari la benki na taarifa ya benki unalifanya unaimba.

Kingine nilichopenda ni kwamba anakataza Excel mwezi mzima wa kwanza. Unaandika kwa mkono, leja za herufi T, unafunga salio mwenyewe, unashusha chini, ukikosea unakata mstari mmoja sio kufuta futa. Kuna vijana walinung'unika kwamba kazini siku hizi ni programu ndio zinafanya, ila kwenye mtihani hakuna programu, na kusema ukweli programu ukiilisha uchafu inakurudishia uchafu uliopangwa vizuri.

Zoezi langu bora kuliko yote lilikua la urari, ile orodha ya salio zote ambapo jumla ya debiti na ya krediti lazima zilingane. Katugawia karatasi ya urari imebalansi vizuri kabisa halafu akasema humu kuna makosa manne yatafuteni. Watu wakabisha, mbona pande zote sawa mwalimu? Ndio akatuonyesha, muamala ambao haukuandikwa kabisa hauharibu urari, uliorekodiwa kwenye akaunti ya mteja mwingine hauharibu, matengenezo ya pikipiki yaliyoingizwa kama ununuzi wa pikipiki hayaharibu, na uliogeuzwa debiti ikawa krediti na krediti ikawa debiti nao unapita tu. Unabalansi na umekosea. Na urari ukigoma kuna njia za kuwinda kosa ambazo sikuwahi kuzisikia chuoni, tofauti ikigawanyika kwa tisa shuku kwamba kuna tarakimu zimebadilishana nafasi, mfano 84,500 imeandikwa 48,500 tofauti 36,000 inagawanyika kwa tisa safi. Isipoonekana chukua nusu ya tofauti utafute muamala wa kiasi hicho ulioingia upande usio wake. Wa ECA wenyewe waliandika hiyo.

(Siku moja tulimuuliza nani alianzisha haya mateso, akasema wafanyabiashara wa Italia walikua wanafanya hivyo zamani, ila aliyeyachapa yakasambaa ni mtawa mmoja anaitwa Luca Pacioli, mji wa Venice mwaka 1494. Lawama zote zielekezwe huko.)

Haya tuje upande wa pili. Ukilipa hupewi risiti. Sehemu inayokufundisha kwamba kila muamala lazima uwe na hati yake, wewe mwenyewe ukitoa elfu hamsini dada wa mapokezi anaandika jina lako kwenye daftari la mistari na kukwambia tayari. Mwezi wa pili wakasema sijalipa, bahati nilituma kwa simu meseji ipo. Wengine waliotoa keshi walibishana mpaka basi.

Desa lao, yaani notisi wanazouza, ndio tatizo kubwa zaidi. Fotokopi ya fotokopi, nyingine herufi zimefifia, elfu kumi na tano juu ya ada, na ni la zamani. Bado linapanga hesabu za mwisho kwa muundo wa T wa zamani wakati chuoni wanataka taarifa ya hali ya kifedha kwa mpangilio wa IAS 1 (kiwango cha kimataifa cha kuwasilisha hesabu), na hiyo IAS 1 yenyewe inaondoka, kuanzia Januari 2027 inaingia IFRS 18. Kwenye bidhaa ghalani wameweka na njia ya kuhesabu mzigo wa mwisho kuingia kuwa wa kwanza kutoka, bila kumwambia mtu kwamba IAS 2 hairuhusu njia hiyo, na Tanzania tunafuata IFRS, yaani hivyo viwango vya kimataifa, tangu 2004. Mwalimu mwenyewe ukimuuliza anakwambia lililo sahihi, shida asiyeuliza anaenda nalo hivyo hivyo kwenye pepa. Nilimwambia, akasema desa ni la ofisi sio lake.

Mwezi wa pili nae anaanza kupokezana na kijana mwingine, mzuri wa roho ila anasoma desa kama taarifa ya habari. Uchakavu tulifanya nusu saa, thamani ya kununulia toa ya mabaki gawa kwa miaka ya matumizi, pikipiki milioni tatu, mabaki laki sita, miaka minne, laki sita kwa mwaka, haya twende mbele. Kwa nini tunafanya hivyo hakusema, na njia ya salio linalopungua akatuambia tukasome. Pia mtihani ukikaribia wanapokea kila anayekuja, mnabanana watu wanasimama kwenye ngazi. Na masika Jangwani pakijaa maji pakifungwa, anayetoka huku Magomeni na Kinondoni hiyo siku imekufa na haifidiwi. Kundi la WhatsApp usilitegemee, asubuhi njema za maua na watu wanauza viatu.

Kwa hiyo mimi nilichofanya baada ya mwezi wa pili niliacha. Nikahamia OpenTuition, ni bure, wana video na notisi za ACCA (chama cha kimataifa cha wahasibu), ule mtihani wao wa FA, uhasibu wa fedha, karibu mada zote ni zile zile za mwaka wa kwanza chuoni, na viwango vyao ni vya kisasa. Kiingereza cha mwalimu kinaeleweka na unaweza kumrudisha nyuma mara unavyotaka, kitu ambacho Kariakoo hakipo. Ila nasema ukweli, niliwahi kuzifungua hizo video kabla ya tuisheni sikuambulia kitu, zilikuja kueleweka baada ya mfano wa wakala. Halafu jioni tunakaa vimbwetani watu watano tunapiga maswali ya nyuma, mmoja akikwama mwingine anaeleza, jamaa wa PCB sasa hivi ndio tunayemkimbilia kwenye hesabu za ubia.

Kama ulisoma ECA usiende kabisa, utalala. Kama umetoka HGE, HKL, PCB au ulimaliza zamani umerudi shule, nenda mwezi mmoja, na nenda wiki ya kwanza ya mwezi maana ukiingia katikati unakuta mlinganyo umeshapita na hawarudii. Chagua Jumamosi kama unaweza, mwalimu mwenyewe ndio yupo muda wote na watu wachache, na chini wenye spika huwa hawajaamka vizuri. Beba kalkuleta ya kawaida kwa sababu simu anazikusanya mlangoni, daftari kubwa la mistari, penseli ya kuchorea leja za T. Desa usinunue hata wakikubembeleza, na ada tuma kwa simu.