Jina liko kwenye medali, msiniambie halijulikani

Kiingilio nililipa bila kunung'unika. Choo hakikuwa na maji, nikanyamaza. Kilichonipandisha mori ni kibao kimoja tu ndani ya makumbusho yale: "Medali za askari wa Keya, Vita vya Pili. Jina halijulikani."

Keya ni King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki. Halijulikani na nani? Kabatini zimepangwa medali kadhaa, na ya kwanza kushoto ni ya fedha, utepe wa buluu iliyoiva wenye mistari myeupe na myekundu katikati. Hiyo ni Military Medal, ya ushujaa vitani, haikugawiwa ovyo. Zile medali za umbo la nyota, za rangi ya shaba, ya vita vya Burma na wenzake, Waingereza walizitoa bila jina, sawa. Lakini Military Medal ilichapwa ukingoni namba ya askari, cheo, jina na kikosi chake. Mtu aigeuze tu asome!

Nikamweleza kijana wa mapokezi, kwa upole mwanzoni. Macho hakuyatoa kwenye simu. "Mzee, hayo maandishi yaliandikwa na wasomi." Haya, amwite mwenye ufunguo. Ati yuko mkutanoni, nirudi wiki ijayo. Nilipochungulia kwa ubavuni akanifokea nisiegemee kioo. Na kabati la jirani, la afisa Mzungu, lina jina, picha, hata kijiji alikozaliwa!

Msiende. Ndiyo, nimesema msiende.

Ingawa, nisidhulumu, vitu vyenyewe vimetunzwa. Sanduku la bati, kofia ya ukingo mpana, na beji ya kichwa cha kifaru ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyolipita bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944 kwa mvua na matope mpaka ikaingia Kalewa mwezi Desemba. Blanketi halina hata tundu la nondo. Aliyelikunja anajua kazi, na si yule wa simu. Mama mfagiaji naye aliniwashia taa ya kona hiyo bila kuombwa. Huyo ndiye wangemweka mapokezi.

Basi nendeni, lakini mkifika ulizeni kama ukingo wa medali umeshasomwa. Mkiambiwa mwenye ufunguo yuko mkutanoni, daini kiingilio chenu. Mimi changu sikurudishiwa. Nawapa nyota mbili, tena kwa shingo upande.