Chujio la maji la nyumbani: kabla ya bei, uliza litalala wapi Julai

Msomaji wa Makete ameniandikia kwa hasira: chujio jipya, watoto wanaharisha. Nikamuuliza linalala wapi. Kibarazani. Julai, Makete, kwenye baridi ya kugandisha maji, kibarazani!

Vichujio vingi vya kisasa vina mirija ya plastiki myembamba kama uzi, yenye vitundu ambavyo bakteria hawapenyi. Likishatumika, chujio halikauki lote ndani. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na mirija inapasuka. Nje huoni kitu, maji yanatoka meupe vilevile. Ndiyo maana hata Sawyer, kampuni inayotengeneza vichujio hivi, inasema chujio lililokwisha kulowa likiganda, litupwe. Sisi wa Njombe, Uyole na Kitulo, ambako sakitu huunguza hadi viazi shambani, hilo lingeandikwa mlangoni mwa duka. Muuzaji anakwambia tu, "Hili la maisha, mama."

Pamoja na hayo, namba moja kwangu ni Sawyer, wala sifichi mapenzi. Vitundu ni mikroni 0.1 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), halitaki umeme, unalifunga kwenye ndoo ya kawaida. Na ni dogo: jioni unalichomoa, unalilaza jikoni karibu na mafiga.

LifeStraw ya familia inafuata. Kwa mikroni 0.02 inazuia hata virusi, ambavyo Sawyer inavipitisha. Kama vyoo vimekaribia chemchemi yenu, ipandishe iwe namba moja. Ila nayo ni ya mirija, isilale nje.

Mishumaa ya kauri, yaani vichujio vya udongo wa kuchoma vyenye umbo la mshumaa, ni ya wenye subira, maana maji hudondoka taratibu. Uliza kwanza kama mshumaa wa akiba unapatikana.

Vidonge vya WaterGuard, vya klorini ya kuua vijidudu majini: kimoja kwa lita 20, subiri nusu saa. Basi.

Mashine za osmosisi, zinazosukuma maji kupita kwenye utando mwembamba hadi floraidi inabaki nyuma, sizitaki. Zinakula umeme, zinamwaga maji mengi, na floraidi, madini ya majini yanayoharibu meno, ni kilio cha Arusha zaidi kuliko chetu.

Sasa nyie wauzaji wa Mwanjelwa, sokoni Mbeya. Sawyer huja na bomba la sindano la kusukumia maji safi kinyumenyume, uchafu utoke. Bila hilo chujio linaziba. Kuna duka linalitoa boksini na kuliuza peke yake, eti "spea"! Wanunuzi, fungueni boksi palepale kaunta. Bomba lisipokuwemo, hela ibaki mfukoni.