Pipa la lita 4 kwa bia ya nyumbani: uzoefu wangu Lubumbashi

Mtu anayetengeneza bia nyumbani hapa Lubumbashi, akitaka kuimwaga kwa robine badala ya kuijaza kwenye chupa, aulize kwanza gesi ya kuisukuma ataipata wapi, kabla hajatazama uzuri wa chombo. Swali hilo ndilo lililonifanya nichague pipa dogo la chuma kisichoshika kutu, la lita 4, lenye robine na regulata (kifaa cha kupunguza na kupima nguvu ya gesi) juu ya kifuniko, linalotumia vichupa vya kaboni dioksidi vya gramu 16.

Wengi hupendelea pipa la lita 19, lile lililoundwa kwanza kwa ajili ya soda, nami sina ubaya nalo: ni imara na vipuri vyake ni rahisi kuagiza. Lakini linadai mtungi wa gesi. Gesi hiyo ipo kwa wachomeleaji wa mjini, ila mtungi wa karakana haukujazwa kwa ajili ya kinywaji, na sikubali kuingiza kwenye bia gesi ambayo muuzaji hawezi kunihakikishia usafi wake. Ukitaka kulisukuma pipa hilo kwa vichupa, utamaliza vinne au vitano, bila kuhesabu gesi ya kuifanya bia yenyewe ichemke mdomoni. Kwa lita 4, kichupa kimoja kinafika hadi glasi ya mwisho, mradi bia iwe imekwisha kujitengenezea gesi yake. Kwa hiyo wakati wa kujaza natia sukari gramu 5 kwa kila lita, nafunga, naliacha pipa chumbani kama wiki mbili ili hamira iigeuze sukari hiyo kuwa gesi, ndipo naliingiza kwenye frigo. Glasi ya kwanza hutoka na machicha ya hamira, nayo naimwaga. Mashine za mezani za kumwagia bia, kama PerfectDraft, nilizipita upesi, kwa kuwa zimeundwa kwa mapipa ya lita 6 yanayojazwa kiwandani.

Langu niliagiza Johannesburg, likaja kwa barabara kupitia Kasumbalesa pamoja na akiba ya vichupa, maana ndege hazipokei vitu hivyo kirahisi. Anayeagiza ahakikishe kwamba vichupa vina hesi (mistari ya kukazia kwa kuzungusha) shingoni na kwamba hesi hiyo ni ya regulata yake. Vile laini, visivyo na hesi, havikazi kwenye regulata ya aina yangu.

Jambo lililonipa kazi kubwa ni povu. Kwenye baa, kati ya pipa na robine kuna mpira mwembamba wa mita mbili au tatu, na urefu huo ndio unaopunguza nguvu ya bia inapotoka. Pipa langu halina mpira huo. Robine imekaa juu yake moja kwa moja. Isitoshe, Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, na mshale wa regulata hupima tu kile kinachozidi hewa ya nje. Bia ya nyuzi 4 ambayo pwani ingehitaji bari 0.8 (bari ni kipimo cha shinikizo) ili itunze gesi yake, hapa inahitaji karibu bari 0.95, na ikishatoka nje inatoa povu zaidi. Kinachookoa ni skrubu ndogo ubavuni mwa robine, ya kubana mkondo. Naibana hadi bia iteremke polepole kwenye ukuta wa glasi iliyoinamishwa, kisha, glasi ikikaribia kujaa, nailegeza kidogo ili povu lipande kiasi cha vidole viwili. Robine isiyo na skrubu hiyo nisingeinunua hata kwa nusu bei.

Kuna mapipa yenye kuta mbili, yanayohifadhi ubaridi kwa saa nyingi, na kwa kwenda matembezini ni mazuri sana. Nyumbani nimependelea ukuta mmoja kwa sababu ya umeme unaokatika. Kile kinachozuia joto lisiingie kinalizuia pia lisitoke, kwa hiyo pipa la kuta mbili likishapata moto ndani huchukua muda mrefu mno kupoa, na pengine umeme unaondoka tena kabla halijapoa. La ukuta mmoja hupoa haraka. Mwezi wa kumi, joto linapokuwa kali, umeme ukikatika nafunga gesi kwenye regulata, kwa maana bia ikipata joto inaachia gesi na shinikizo linapanda lenyewe. Umeme ukirudi naliacha pipa lilale usiku mzima bila kuguswa.

Kwa usafi, robine hufunguka yote kwa mkono, jambo ninalolisifu, kwa kuwa machicha hujificha ndani yake. Javeli isiguse pipa: klorini hutoboa chuma hiki vishimo vidogo ambamo uchafu hubaki. Vipete vya mpira vya kwenye kifuniko ndivyo vinavyochakaa mapema, basi viagizwe vya akiba pamoja na pipa, na kila baada ya kufunga kichupa kipya, upake povu la sabuni shingoni mwake uone kama linatoa mapovu, dalili ya gesi kuvuja.