TAHADHARI: Injini za Rotax 912 zinazouzwa Mbeya zikiwa na namba ya kugonga na logibuku ya kutunga

Wakuu, habari za leo. Naomba mnisome mpaka mwisho, hasa ninyi mnaounda au kutunza ndege ndogo za viti viwili huku Nyanda za Juu Kusini. Kuna mtu Mbeya anauza injini za Rotax 912 zilizotumika, na mimi nimeshapigwa. Nilikuwa nasubiri polisi wamalize kazi yao kwanza, lakini juzi mwenzetu mmoja wa upande wa Njombe amenitumia picha akiniuliza kama bei ni nzuri. Kwenye ile picha nikaiona stendi ileile ya chuma ya rangi ya bluu, na nyuma yake turubai lilelile la kijani. Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Jina lake na namba zake za simu siziweki hapa kwa sababu shauri liko polisi. Namna anavyofanya kazi naieleza yote.

Mimi na fundi wangu tunaunda ndege yetu hapa Mafinga, huu mwaka wa nne. Mbawa zimeshavikwa kitambaa, usukani na nyaya zake viko tayari, kilichobaki ni injini. Injini mpya kutoka Austria siiwezi, kwa hiyo nikatangaza kwa watu kwamba natafuta iliyotumika. Hazikupita siku tatu akanipigia. Akasema anayo 912 ULS, nguvu za farasi 100, imetembea saa 210 tu, imetoka kwenye ndege ya shamba moja Zambia ambalo mwenyewe ameacha kuruka. Milioni 24. Nitume 10 kwanza aizuie isichukuliwe na mtu wa Arusha, zilizobaki nilipe nikiiona. Nikatuma. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, kutuma pesa kabla jicho halijaona chuma.

Tulipofika Mbeya alitupokea Uyole, akatupeleka kwenye stoo moja maeneo ya Soweto. Injini ilikuwa juu ya stendi, imeoshwa inang'aa, na ilikuwa ya moto. Akasema ameiwasha asubuhi ili isitusumbue. Wakati ule niliona ni ukarimu wa mwenyeji. Sasa nawaambia: ukikuta injini ya kuuzwa imeshapashwa moto kabla hujafika, kaa chini, omba chai, subiri ipoe kabisa mpaka uweke kiganja kwenye silinda. Injini yenye silinda chovu huficha ugonjwa wake ikiwa ya moto. Ikiwa baridi ndiyo inasema kweli. Ile iliwaka mara moja, ikanguruma dakika mbili, akaizima. Tukalipa, tukaipakia kwenye Canter tukarudi.

Fundi wangu ni mtu wa polepole. Hakutaka kuifunga kwenye ndege mpaka aifungue. Siku ya pili akaniita na tochi. Alikuwa amefuta kwa thina sehemu ya bloku penye namba, na rangi ya fedha ikatoka yote na kitambaa, rangi mbichi kabisa. Chini yake chuma kilikuwa na mistari ya grenda. Tarakimu mbili za mwisho zilikuwa zimezama kuliko wenzake, na ile 3 ilikuwa imelala kidogo kushoto, kama iliyopigwa kwa nyundo na mtu aliyeshika tindo kwa haraka. Nilipitisha ukucha juu yake nikausikia unakwama.

Nikamwandikia wakala wa Rotax kwa barua pepe na picha. Jibu likaja: namba ile ni ya 912 UL, ile ya farasi 80, ya zamani sana. Yaani namba si ya injini hii, na injini hii namba yake halisi hakuna anayeijua. Wapo watakaosema namba ni namba tu, mradi injini inazunguka. Hapana. Rotax wanapogundua kasoro kwenye kundi fulani la injini, taarifa yao ya ukaguzi au matengenezo ya lazima hutaja namba za injini zinazohusika. Ukiwa na namba ya uongo utasoma taarifa, utaona wewe haumo, utaruka kwa amani, kumbe umo.

Kisha ile logibuku, kitabu cha kumbukumbu za safari na matengenezo. Mwaka 2015, 2016, 2017, kurasa nzima nzima, kalamu moja ya bluu, mwandiko mmoja, mkandamizo mmoja, utadhani rubani hakuwahi kuwa na siku ya haraka wala kalamu kuishiwa wino. Nikakigeuza kile kitabu nyuma. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, pameandikwa kimechapwa 2019. Safari ya kwanza ndani yake ni ya 2015. Nilikaa nacho mkononi muda mrefu. Tena ninyi mnaopeleka maombi TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, ili ndege ipate usajili wa 5H (herufi za ndege za Tanzania) na kibali cha kuruka, fikirini: mkaguzi akifungua kitabu hicho, anayeonekana ameghushi ni wewe uliyekipeleka mezani.

Kuhusu hizo "saa 210", hata zingekuwa za kweli zisingetosha. Kwa 912 za sasa kiwandani wameweka saa 2,000 au miaka 15, kinachotangulia ndicho kinachohesabika, na vitu vya mpira, kuanzia hosi za mafuta na maji mpaka mipira inayoshika kabureta, hubadilishwa kila miaka 5 hata kama ndege ilikuwa imelala bandani. Muuzaji akikutajia saa, muulize miaka. Huyu mipira yake ilikuwa imepakwa kitu cha kung'arisha matairi. Fundi alipoikunja kwa vidole ikafunguka nyufa kama kisigino cha mtu wa shamba.

Aliniambia pia injini haijawahi kuonja mafuta ya ndege, ni petroli ya sheli tu. Tulipofungua tangi la oili, chini tukakuta tope la kijivu, zito. Hiyo ni madini ya risasi (lead) yanayotoka kwenye mafuta ya ndege. Kuyatumia si dhambi, ila ukiyatumia oili hubadilishwa mapema zaidi, na kitabu chake kinaonyesha oili ikibadilishwa kila saa 100 bila kukosa.

Silinda tulizipima kwa upepo. Unaingiza upepo wa shinikizo la bar 6, na hupaswi kupoteza zaidi ya asilimia 25. Tatu zilikuwa sawa. Ya nne ilipoteza zaidi ya theluthi, unasikia upepo ukipiga mluzi kwenye ekzosi.

Maboya ya kabureta nayo nikayapima. Kila kabureta ina mawili, na kwa pamoja hayatakiwi kuzidi gramu 7, maana yakinywa mafuta yanazama na injini inafurika. Mizani ya jikoni haisomi vizuri uzito mdogo hivyo, nikampelekea jamaa yangu anayenunua dhahabu ya Chunya, tukayaweka kwenye mizani yake. Gramu 9 na kitu upande mmoja.

Kilichonivunja moyo kabisa ni kranki, ile shafti ya ndani inayosukumwa na pistoni ili kuzungusha propela. Injini ilikuja na propela mpya kabisa, na mimi nikafurahi nikidhani nimeongezewa. Propela mpya kwenye injini ya zamani maana yake ya zamani ilikwenda mahali. Kranki ya 912 si kipande kimoja cha chuma, imeunganishwa kwa kukandamizwa vipande, na propela ikigonga ardhi ile nguvu inaweza kuisokota bila kuacha alama nje. Ndiyo maana baada ya ajali hiyo, hata kama ni mgongano mdogo tu, gia boksi na kranki lazima vikaguliwe. Fundi aliweka saa ya kupimia (geji yenye sindano inayoonyesha kama shafti imepinda), akazungusha kwa mkono taratibu. Ile sindano ikawa inakwenda na kurudi, inakwenda na kurudi. Akaniangalia, hakusema neno.

Fikirini mtu ameifunga hiyo, ameondoka uwanja wa ndege wa Nduli, Iringa. Pale uko zaidi ya futi 4,600 juu ya bahari, na injini isiyo na turbo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi elfu, kwa hiyo hata farasi 100 nzima zinabaki kama 86, hata kabla jua la mchana halijachukua lake. Silinda moja inavuja, kranki imesokotwa. Unaelekea Mufindi, na chini yako ni msitu wa Sao Hill, misonobari mpaka macho yanapoishia. Utatua wapi? Kijana wangu wa miaka 14 ndiye alikuwa ameahidiwa kiti cha pili.

Nilimpigia muuzaji. Siku ya kwanza akasema injini ilitoka kwake nzima, nimeiharibu mwenyewe kwa kuifungua. Siku ya pili akasema anatafuta mteja mwingine anirudishie pesa zangu, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba pesa yangu atairudisha kwa kumuumiza mwingine. Siku ya tatu simu haipokelewi.

Kwa sasa injini iko kwangu Mafinga ndani ya kreti, haiendi popote, ni kielelezo. Kama umenunua 912 kutoka stoo ya Soweto yenye stendi ya bluu, tafadhali usiruke nayo. Futa rangi kwenye namba kwa thina, piga picha, nitumie hapa faraghani, nami nitakupa namba ya shauri na jina la askari anayelishughulikia. Na wewe wa Njombe, nimekupigia mara nne, naomba upokee kabla hujaenda benki.