Mpini wa iaito: utepe wa suedi ya kiwandani juu ya ngozi bandia ya samaki taa

Mpini ninaouzungumzia ni wa iaito, upanga usio na makali wa mazoezi ya iaido (sanaa ya Kijapani ya kuchomoa upanga na kukata), ambao ubapa wake ni wa aloi ya zinki na alumini. Kwa desturi ya Japani, gogo la mpini huchongwa kwa mti wa honoki, huvishwa ngozi ya samaki taa, kisha huzungushiwa utepe wa hariri, pamba au ngozi. Wangu umebaki na honoki, lakini utepe ni wa suedi (ngozi laini yenye uso kama mahameli) ya kutengenezwa kiwandani, na badala ya ngozi ya taa pamewekwa plastiki iliyotiwa vijipele.

Nikianza na utepe, sina budi kuusifu. Pamba hunywa jasho, na baada ya miezi michache hukakamaa kwa chumvi na kuota manyoya. Suedi hii, hata viganja vikilowa chapachapa, haitelezi, na ikifutwa kwa kitambaa chenye maji huwa imekauka kufikia asubuhi. Kasoro yake ni unene: kila utepe unapokatana na mwenzake hupaswa kusokotwa, na hapa msokoto umetuna kiasi kwamba vijumba vya umbo la almasi vinavyobaki kati ya mizunguko ya utepe havilingani. Vilevile hushika mno, hivyo mkono wa kulia unapotaka kujiweka sawa katikati ya mkato, ngozi ya kiganja hubaki nyuma.

Plastiki ndiyo iliyoniudhi. Vijipele vya taa halisi ni vigumu kama meno (na kwa asili ni jamaa ya meno), kazi yake ikiwa kuung'ata utepe kutoka chini usisogee, na ngozi nzima ikizungushwa gogo lote hulikaza pia lisipasuke. Vya plastiki ni laini na butu. Katika mwezi wa nne wa kuutumia, karibu na kikingio cha mkono, niliweza kukisukuma kijumba kimoja kwa kidole gumba kikahama, na gundi iliyopakwa chini ya utepe haikusaidia chochote.

Fundi, ambaye sitamtaja, alijaza pia gundi ya epoksi kwenye mdomo wa gogo ili lisicheze. Nilipotoa kigingi cha mwanzi kinachoushikilia mpini kwenye upanga, mpini haukuchomoka mpaka nikaugonga kwa nyundo ya mbao. Kwa iaito huo ni usumbufu tu. Kwa upanga wa chuma, ambao sehemu yake iliyofichwa ndani ya mpini hupaswa kukaguliwa isije ikashika kutu, ningeuhesabu kuwa uharibifu. Honoki ilichaguliwa kwa sababu ni laini na haina utomvu mwingi unaoweza kukidhuru chuma, na faida hiyo hupotea pale gogo linapogandishwa kwa gundi.

Kigingi chenyewe, nashukuru, kiliachwa kuwa cha mwanzi.

Nimeshaagiza ngozi ya taa, kipande kizima cha kuzunguka gogo lote. Utepe nitarudia suedi hii hii, ila iliyo nyembamba zaidi.