Mafunzo ya kuwaandaa wanafunzi wa saikolojia mjini Kigoma: yanakofaa na yanakopungua

Mwanafunzi wa saikolojia anayepangiwa mkoa wa Kigoma kwa mafunzo ya vitendo huweza kukutana, ndani ya wiki moja, na mkulima wa Kiha kutoka Kasulu, mvuvi wa Kibirizi, bibi wa Kimanyema wa Ujiji, Mbembe aliyezaliwa Kivu ya Kusini nchini Kongo na kukulia katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na Mrundi aliyevuka mpaka mwaka 2015. Mihadhara ya chuo humpa nadharia nyingi, lakini humwacha peke yake mbele ya watu hao. Kwa sababu hiyo nilipokea kwa furaha mwaliko wa kuhudhuria, nikiwa msimamizi wa wanafunzi kazini, semina fupi ya maandalizi inayotolewa hapa Kigoma mjini na kikundi cha washauri nasaha. Sitakitaja kwa jina, kwa kuwa nina malalamiko juu yake.

Kilicho bora kuliko vyote ni zoezi la kufanya kazi na mkalimani, na ningelipa ada yote kwa ajili ya kipindi hicho pekee. Wanafunzi waligawanywa watatu watatu: mmoja mshauri, mmoja mteja anayezungumza Kirundi, na mmoja mkalimani. Karibu kila mshauri alianza kwa kumtazama mkalimani na kusema, "Muulize kama analala vizuri." Mkufunzi alisimamisha zoezi papo hapo, akavisogeza viti hadi mshauri na mteja wakatazamana huku mkalimani akiwa pembeni kidogo, kisha akamtaka mwanafunzi aseme upya, akimtazama mama aliye mbele yake: "Mama, usiku unapata usingizi?" Mabadiliko yalionekana usoni mwa aliyeigiza mteja, kwa sababu sasa alikuwa anaongeleshwa yeye. Baada ya hapo lilijadiliwa jambo zito zaidi, nalo ni kwamba kambini mkalimani anaweza kuwa jirani wa mteja, ndugu wa mume wake, au mtu wa upande uliowafukuza kijijini kwao, na kwamba mwanamke aliyebakwa hawezi kulazimishwa kusimulia kupitia kinywa cha mwanamume asiyemchagua. Wanafunzi walielekezwa kumuuliza mteja kwanza kama anamkubali mkalimani huyo, kumweleza mkalimani masharti ya usiri kabla ya kikao, na kukaa naye baada ya kikao, kwa kuwa naye amebeba yaliyosemwa.

Kipindi cha mahojiano nacho kiliniridhisha. Kilitumia mwongozo wa mahojiano ya kiutamaduni wenye maswali 16 uliotolewa mwaka 2013 pamoja na toleo la tano la kitabu cha Wamarekani cha uainishaji wa magonjwa ya akili. Mwongozo huo humtaka mteja aeleze tatizo kwa maneno yake mwenyewe, aseme anadhani limetokana na nini, na nani amekwisha kumsaidia. Mkufunzi alikataa kabisa maswali hayo yasomwe moja baada ya jingine kama karani wa sensa anavyosoma dodoso. Mfano uliotolewa ulikuwa wa kijana mwenye kifafa ambaye familia yake inaamini amepandwa na mashetani. Mwanafunzi anayebishana na imani hiyo siku ya kwanza humpoteza mgonjwa, ilhali anayewasikiliza, akawaacha waendelee na maombi yao na kuwaomba wasikatishe dawa za hospitali, huwaona tena kliniki mwezi unaofuata. Hilo ndilo ninalolishuhudia kazini mwaka hadi mwaka.

Huduma ya kwanza ya kisaikolojia ilifundishwa kwa ufupi na kwa usahihi, kwa kufuata hatua tatu za mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na washirika wake wa mwaka 2011: angalia, sikiliza, unganisha. Mfano ulikuwa wa hapa hapa, yaani Mei 2015, maelfu ya Warundi walipojaa katika kijiji cha Kagunga ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kipindupindu kikaingia, na meli ya MV Liemba ikawa inawaleta Kigoma kwa zamu. Katika hali hiyo mtu anahitaji maji, dawa na habari za watoto aliopotezana nao, wala si mgeni wa kumdai asimulie yaliyomkuta.

Sasa nieleze kilichoniudhi. Wanafunzi waligawiwa karatasi inayoorodhesha tabia za makabila na mataifa: hawa ni wasiri, wale husema waziwazi, wengine hawalii mbele ya watu. Karatasi hiyo inaharibu kazi nzuri iliyofanyika chumba hichohicho. Mwaka 1998 madaktari wawili wa Marekani, Melanie Tervalon na Jann Murray-García, walieleza kwamba mhudumu hafiki siku ya kuhitimu utamaduni wa mtu mwingine, bali huendelea kujichunguza na kujifunza maisha yake yote. Mwanafunzi aliyekariri kwamba "Waha ni wasiri" atamwona mama aliyenyamaza kwa ugonjwa wa sonona, aandike kuwa ni desturi, na kumruhusu aende nyumbani. Naomba karatasi hiyo iondolewe. Nafasi yake ichukuliwe na kipindi kinachomhusu mwanafunzi mwenyewe: anavyosalimia wazee, anavyovaa, kasi ya Kiswahili chake cha mjini, na anavyosikika kwa mtu aliyezoea Kiswahili cha Kongo.

Kubwa zaidi ni usimamizi baada ya semina. Tuliahidiwa kwamba kila mwanafunzi angepigiwa simu kila wiki na mshauri mwenye uzoefu. Wanafunzi niliowasimamia hawakupigiwa, na binti mmoja aliyesikiliza simulizi za vita kwa siku nzima alirudi kwenye chumba chake cha kupanga bila mtu wa kuzungumza naye, mpaka nilipogundua kuwa hali chakula. Kumfundisha kijana kuufungua moyo wa mtu mwingine na kisha kumwacha peke yake ni uzembe, hata kama ada ni nafuu kwa anayetegemea mkopo wa elimu ya juu.

Kuhusu mengine, ukumbi ni msafi na vitini vimeandikwa kwa Kiswahili kizuri. Hakuna ziara ya kambini, na ni sawa, kwa kuwa kuingia huko kunahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na wakimbizi si maonyesho.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu aliyekwisha kusoma misingi ya unasihi atafaidika sana. Wa mwaka wa kwanza asubiri. Kabla ya kulipa, adai kwa maandishi jina la mtu atakayemsimamia akiwa kazini, na kama hapewi, atafute kwanza msimamizi wake mwenyewe hospitalini au ofisi ya ustawi wa jamii, ndipo ajiandikishe.